Barua Iliyo Ndani ya Sakafu

Kwa miaka kumi na mmoja Okbun aliishi kwa maneno matatu ya mumewe: mimi mzima, watunze wazazi wangu, ningoje. Alisomewa mara moja tu. Aliyemsomea ni baba mkwe wake, mzee Yun, asubuhi ya mwezi wa kumi, mwaka wa pili wa vita. Mzee alikuwa ameketi chumbani kwake, barua ameisogeza karibu na macho, na Okbun amesimama nje ukumbini, mtoto mgongoni, gundi imemtapakaa mpaka viwikoni. Hata yeye asiyejua herufi aliona kwamba karatasi ilijaa mistari kutoka juu hadi chini, akashangaa kidogo kwamba yote ile ilikuwa na maneno matatu. Lakini nani amuulize mzee? Mkaza mwana haulizi. Alishukuru, akarudi kwenye kazi, akalia ameigeuzia uso ndoo ya gundi ili machozi yasidondokee karatasi za watu.

Bonde lile la Soyang lote lilikuwa la karatasi. Wanaume walichemsha magome ya mforsadi wakayaponda, wakasimama kwenye birika la maji baridi kuchota karatasi moja moja. Jasho lao lilionekana, wakasifiwa. Kazi ya wanawake ilikuwa ndani ya nyumba na hakuna aliyeisifu: kubandika karatasi juu ya karatasi, tabaka mbili za kitabu, tatu za sanduku, nne za sakafu, maana huko sakafu za vyumba hufunikwa kwa karatasi. Unga wa ngano ulilowekwa majini hata ukachacha na kunuka, ukapikwa, ukachujwa mpaka gundi ikawa nyepesi kama maziwa. Tabaka moja ililala kwa urefu, ya pili kwa mapana, na brashi ikapita juu kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote itoke. Okbun alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Wenye nyumba mjini Jeonju waliagiza sakafu za harusi kwa mzee Yun na kumsifu mzee Yun, na karatasi zenyewe zilibandikwa na mkaza mwana wake, ambaye jina lake hawakulijua.

Mumewe, Pansu, alichukuliwa majira ya baridi kwenda kubeba mizigo ya jeshi milimani. Hakuwa askari. Walimpa chaga la mbao la mgongoni na risasi za watu wengine, basi. Siku ya kuondoka aligombana na baba yake, maana alikuwa amesema kwa mdomo wake kwamba akirudi hataki tena kuona birika. Mzee akamjibu kwamba mwana asiyetaka birika asirudi. Hata hivyo aliondoka na karatasi tano za nyumbani amezikunja ndani ya koti, zimkinge na upepo. Ile barua iliandikwa kwenye mojawapo ya hizo. Mzee aliisoma, akaitia kwenye sanduku lake lenye kufuli, na kufuli likafungwa.

Vita viliisha, wabeba mizigo wengine wakarudi, na wengine habari zao zikarudi. Habari ya Pansu haikurudi. Okbun hakutaka mengi. Alitaka barua ile isomwe mara ya pili, polepole. Alikuwa na uhakika kwamba siku ile, kwa kelele za mtoto na moyo kumwenda mbio, kuna neno lilimpita. Alipomwomba mzee, mzee alimwambia barua iko salama. Alipomwomba tena, mwaka wa tatu, mzee alimuuliza kama amechoka kungoja, na swali lile lilimziba mdomo miaka mingine minne. Kuitoa nje akasomewe na jirani hakuwezekana, kwanza kwa sababu ya kufuli, na pili kwa sababu mambo ya nyumba hayatembezwi mlango kwa mlango. Binti yao Yeonhi alipoingia shule na kujua kusoma, alimwendea babu yake mwenyewe. Babu akamwambia barua ya watu wazima haisomwi na mtoto, akampa karanga, akamtoa nje.

Basi Okbun akangoja, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Wazazi wa mumewe akawatunza: miguu ya mzee aliikanda yeye, na mama mkwe alipoanza kutetemeka mikono, yeye ndiye aliyemtia chakula mdomoni. Wanawake wenzake walimtania kisimani kwamba yeye naye amebandikwa, tabaka ya nne, habanduki. Alicheka nao. Alikuwa na miaka thelathini na minne na vidole vyake havikunyooka tena vyote.

Mzee Yun alikufa mwezi wa pili. Nguo zake zilichomwa kama desturi, lakini katika nyumba ile karatasi haikuchomwa, iwe imeandikwa iwe haijaandikwa. Karatasi yenye wino iliingizwa katikati ya tabaka za masanduku na za kuta, ikafanya kazi mara ya pili. Walipovunja kufuli, ndani mlikuwa na rundo la maandishi mpaka juu: hati za mashamba yaliyouzwa zamani, mahesabu, mazoezi ya mkono ya ujanani. Mama mkwe, ambaye naye herufi alikuwa hazijui, alilisukuma lote kwa Okbun akamwambia atumie.

Okbun alitafuta kitu kimoja tu, bahasha ya barua ile. Aliikumbuka vizuri, ya kahawia, yenye stempu pembeni. Akaipata, akaibonyeza, akasikia karatasi ndani. Hakuifungua. Angeifungua ili aone nini? Aliivika kitambaa akaiweka chini ya mto, ikangoja sikukuu ya mwezi wa tano, Yeonhi apate ruhusa kwenye kiwanda cha nyuzi mjini alikofanya kazi, aje amsomee. Miezi mitatu alilala juu ya bahasha ile, na mama mkwe alisema hajawahi kumsikia akiimba jikoni kabla ya hapo.

Katikati ya miezi hiyo ndipo ilipokuja oda ya mke wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, Mama Taeseop wa Jeonju. Mwanawe alikuwa anaoa, naye alitaka sakafu ya chumba cha bibi harusi, tabaka nne, nyeupe, kazi ya nyumba ya mzee Yun ileile ingawa mzee hayupo. Okbun alipokuwa anamalizia, akapungukiwa karatasi moja safi. Sasa sikilizeni. Kila mwanamke wa bonde lile anajua kwamba karatasi ya wino haiingii kwenye kazi ya sakafu. Sakafu hupakwa mafuta, na mafuta huifanya karatasi ionyeshe kilicho ndani. Okbun alilijua hilo kuliko wote. Lakini kwenye rundo la mzee aliona karatasi moja nzuri mno, nene, imara, imeungua kidogo kwenye pembe, na wino wake umepauka kama ulioandikwa na mtu mwenye kubania wino. Herufi zake zilikuwa za vijiduara na vijiti, kama wanazofundishwa watoto shuleni, si zile za mraba za kizamani alizoandika mzee, akadhani ni zoezi la Yeonhi la shule ambalo babu alilihifadhi. Akasema moyoni, wino huu hautaonekana. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa imara, akaiweka karibu na juu, panapokanyagwa, uso wake chini, na juu yake tabaka moja tu. Mkono uliobandika miaka kumi na mitano ukakosea siku hiyo moja.

Yeonhi alifika siku ya sikukuu na keki za mchele ndani ya kitambaa. Mama yake hakumwacha hata avue viatu vizuri. Alimketisha, akamwekea bahasha mikononi, akapiga magoti mbele yake, amenyoosha nguo kama mtu anayekaribisha mgeni. Mama mkwe naye alijikokota akaja kuketi mlangoni. Yeonhi akafungua, akakunjua, akaangalia pande zote mbili.

Ilikuwa stakabadhi ya magome ya mforsadi. Matita sita.

Okbun alimwambia asome vizuri. Yeonhi akasoma vizuri, na bado yakawa matita sita. Mama mkwe akauliza mwanawe amesema nini. Kisha Yeonhi, ambaye akili yake ilikuwa nyepesi, akamuuliza mama yake kama kwenye lile rundo hapakuwa na karatasi yenye herufi kama za shuleni. Okbun akafungua mdomo kujibu. Pale pale, kabla neno halijatoka, akaiona kichwani mwake ile pembe iliyoungua. Akaiona mikono yake mwenyewe inaipaka gundi. Alishika kifua akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, na Yeonhi akadhani mama anakufa.

Waliondoka kwenda Jeonju wakati uleule, sikukuu wakaiacha mezani. Njiani Okbun alisema jambo moja tu na alilirudia kila walipopumzika: kama hawajapaka mafuta, maji yatatosha. Gundi ya ngano ni mtu mwema, ukiilowesha inaachia. Angenunua sakafu yote kama ingebidi, angeilowesha kidogo kidogo, angezibandua tabaka bila kuchana hata unyuzi. Kama hawajapaka mafuta. Aliomba kwa mizimu ya nyumba, akaomba kwa mlima uliokuwa mbele yao, na walipokaribia mjini akamwomba hata mzee Yun, akamwambia, baba, nimekukanda miguu, nisaidie hili.

Mama Taeseop aliwapokea uani na ulimi wake tayari umenolewa. Alikuwa amepaka mafuta tangu juzi, maharage yaliyosagwa na mafuta ya mbegu ndani ya mfuko wa kitambaa, mikono yake mwenyewe, mara tatu. Alikuwa karibu kumtuma mtu aende Soyang.

"Umekuja mwenyewe, vizuri," alisema. "Njoo uone ulichoniuzia. Bibi harusi anakuja keshokutwa, atalala juu ya maandishi ya watu."

Okbun alivua viatu akaingia. Chumba kilikuwa kizuri, kimeelekea jua, na sakafu imeng'aa kwa rangi ya asali. Karibu na dirisha, chini ya ule mng'ao, palikuwa na mistari. Haikuwa myeusi, ilikuwa kama vivuli vya unyuzi, lakini ilikuwepo yote, mmoja chini ya mwingine, kutoka juu hadi chini. Alipiga magoti akaweka kiganja juu yake. Mafuta yalikuwa yamekwisha kukauka. Alichukua kisu chake kidogo cha kazi akajaribu pembeni kabisa, na karatasi ikatoka kwa vipande vidogo kama magamba ya samaki, imeshikana na udongo wa chini. Akarudisha kisu mfukoni.

Mama Taeseop alikuwa bado anasema. Yeonhi alimweleza kwa maneno machache barua ile ni ya nani, na imengojwa kwa muda gani. Yule mama akatoka bila kuaga, na aliporudi alikuwa amebeba kioo kipya cha bibi harusi, bado kina karatasi ya dukani kwenye fremu. Aliona mwenyewe kwamba maandishi yamegeuka, kulia kuwa kushoto, na kwamba bila kioo hayasomeki. Akakishika kwa mikono miwili akakiinamisha sakafuni, na Yeonhi akalala kifudifudi mbele yake akaanza kufuata mstari kwa kidole.

Alisoma maneno ya kwanza kwa sauti. Mama Yeonhi. Okbun aliposikia jinsi alivyokuwa akiitwa na mumewe, alifumba macho akatabasamu, na uso wake ukawa tayari kwa maneno yale matatu. Yeonhi aliendelea kwa macho tu. Kidole kikashuka mstari wa pili, wa tatu, wa nne, kikasimama.

"Inasema ni mzima," alisema Yeonhi, lakini sauti haikuwa yake. "Inasema tumngoje."

Okbun alifumbua macho akamtazama. Miaka kumi na mmoja aliyasikia maneno yale kwa sauti ya mzee, na sasa aliyasikia kwa sauti ya mtoto wake, na kwa mara ya kwanza akasikia yanavyosikika mtu anapoyatunga.

"Soma kilichoandikwa, mwanangu," alisema. "Nimechoka kusomewa kwa huruma."

Yeonhi akasoma.

"Mama Yeonhi, sijafa. Bomu limenikata mguu wa kulia chini ya goti, wameniacha hapa Busan. Nashona viatu kwenye ngazi za mawe juu ya soko la samaki, ukiuliza mshona viatu wa mguu mmoja wataonyesha. Kwenye birika siwezi kusimama tena, na baba namjua. Mbebe mtoto uje. Nitakungoja pale kwenye ngazi kila siku ya gulio mpaka mwaka mpya. Usipokuja nitaelewa. Nani aache nyumba yenye paa amfuate kiwete. Sitakulaumu, wala sitaandika tena nisije nikakuaibisha kwa wazee."

Chini yake palikuwa na mistari miwili zaidi, lakini ukingo wa karatasi ya jirani ulikuwa umepanda juu yake, haikusomeka. Okbun mwenyewe ndiye aliyeupandisha, ukingo juu ya ukingo, kama inavyotakiwa.

Hakulia. Alikaa akahesabu. Barua ilifika mwezi wa kumi, na gulio ni kila siku ya tano. Magulio kumi na tano, labda kumi na sita. Kila mojawapo ya siku zile yeye alikuwa ukumbini Soyang anapiga brashi, mtoto mgongoni, mzima, miguu miwili, na yule mtu ameketi kwenye ngazi za mawe katika baridi ile ya Busan, anatazama kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni anayepanda. Halafu mwaka mpya ukaingia. Pansu akaelewa. Alielewa kitu ambacho si kweli, akaondoka nacho. Na mzee, ambaye alijua mwanawe amekatwa mguu, alikula, akalala, akanyoosha miguu yake yote miwili ikandwe. Alihitaji mikono ya kubandika. Labda pia alidhani mke asipokwenda, mume atarudi mwenyewe akichechemea mpaka mlangoni. Okbun alijaribu kumchukia, akakuta hana hata nguvu ya hilo.

"Twende Busan, mama," Yeonhi alisema. "Leo. Tutauliza."

Mama Taeseop aliweka kioo chini. Alikuwa ameishi Busan wakati wa vita, kama nusu ya watu wa mjini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba vibanda vya vilima vile viliungua si mara moja, na waliokuwamo walitawanyika wasijulikane wamekwenda wapi. Okbun akamtikisia Yeonhi kichwa: hakuna wa kuulizwa tena, na nyumbani kuna mama wa kulishwa. Akasema pia kwamba sakafu ataiacha kama ilivyo. Mkaza mwana wake anaweza kuweka kabati juu yake.

Okbun alikataa. Alisema bibi harusi asianze maisha juu ya kitu kama hicho. Akaomba sabuni ya majivu na tambara, akasugua mafuta ya juu mpaka karatasi ikakubali kushika, akaomba unga, akapika gundi jikoni kwa watu. Mama Taeseop alikuwa na karatasi mbili safi alizonunulia madirisha, akazitoa. Yeonhi alilia kwa sauti, akashika mkono wa mama yake wenye brashi, akamwambia walau wanakili kwanza. Okbun akamwambia hakuna haja, anaikumbuka. Ni kweli, alikuwa na kichwa cha kusomewa mara moja tu. Akapaka kutoka katikati kwenda pembeni. Tabaka ya kwanza ililala kwa urefu, na vivuli vikabaki. Ya pili kwa mapana, na vivuli vikaisha. Alipitisha kiganja kutafuta hewa iliyonaswa, hakuipata. Ilikuwa kazi nzuri. Mama Taeseop aliwapa chakula, hawakuweza kukila.

Walifika Soyang jua limeelekea milimani. Mama mkwe alikuwa ameketi palepale mlangoni walipomwacha, keki za mchele mapajani, hajaonja hata moja.

"Mmeiona?"

"Tumeiona, mama."

"Na anasemaje mwanangu? Ni mzima?"

Yeonhi alimtazama mama yake. Okbun alivua viatu, akavipanga, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akachukua keki moja akaimega vipande vidogo.

"Mzima," alisema. "Anasema nikutunze. Anasema tumngoje."

"Kama baba yake alivyosoma," mama mkwe alisema, na machozi ya faraja yakamtoka. "Mimi nilikuwa na wasiwasi, unajua. Miaka yote hii nilikuwa na wasiwasi kwamba mzee alituficha kitu."

"Hakuficha kitu, mama. Fungua mdomo."